Dubu Mwenye Suruali Anamfaa Mtoto?

Mnyama yeyote angeweza kuvalishwa suruali na kuketishwa mezani, lakini vitabu vya picha vya watoto vya Ulaya na Marekani havichoki kumrudia dubu. Sababu moja ni umbo lake: hukanyaga kwa wayo mzima kama sisi, huweza kusimama kwa miguu miwili, na akichoka huketi kwa makalio. Nyingine ilizuka mwaka 1902, Rais Theodore Roosevelt alipokataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini huko Mississippi. Clifford Berryman akakichorea kisa hicho kibonzo, na muda si mrefu maduka yakajaa dubu wa kitambaa walioitwa Teddy, jina la utani la Roosevelt.

Wanaomshuku dubu huyu msema-maneno wana hoja. Mwaka 2014 mtafiti Patricia Ganea na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliosomewa habari za wanyama wasiowajua, akiwemo ndege anayedonoa kupe mgongoni mwa kifaru. Waliosomewa kwa lugha inayomfanya mnyama kuwa mtu walishika mambo machache ya kweli kumhusu, na wakaelekea zaidi kumdhania tabia za kibinadamu. Kwa dubu, umbali kati ya kitabu na pori ni mkubwa mno. Dume halei watoto, na wakati mwingine huwaua. Baba, mama na mtoto kuzunguka mabakuli ya uji, kama katika hadithi ya kasichana Goldilocks anayeingia nyumbani kwa dubu watatu, ni jambo lisilokuwepo porini. Hata hadithini halikuwepo mwanzoni. Robert Southey alipoichapisha hadithi hiyo mwaka 1837, wenye nyumba walikuwa madume watatu, na aliyewavamia alikuwa bibi kizee, si kasichana.

Ni rahisi kujibu kwamba sisi tumelelewa na Sungura mjanja na Fisi mlafi, na hakuna aliyekua akidhani fisi anaweza kukopa debe la mahindi. Ni kweli, ila fisi ameilipia hadithi hiyo. Watu wazima wengi bado wanamwona mwoga anayengoja mabaki ya simba, ilhali fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake. Kwa hiyo hadithi huacha alama. Dubu ameachiwa alama ya upole, nayo ina hatari yake: kwa miongo mingi wageni wa hifadhi ya Yellowstone huko Marekani waliwalisha dubu kupitia madirisha ya magari, na watu wakajeruhiwa, mpaka hifadhi ilipokaza kamba kuanzia mwaka 1970. Siwezi kuvibebesha vitabu lawama hiyo yote.

Kinachonitia shaka zaidi ni dubu mhubiri. Mwaka 2017 watafiti wa Toronto, Ganea akiwa miongoni mwao, waliwasomea watoto wa miaka minne hadi sita hadithi moja ya kugawana, wahusika wakiwa ama watu ama wanyama wenye tabia za watu. Waliosomewa ya watu waligawa stika nyingi zaidi kuliko awali. Ya wanyama haikuwaongezea ukarimu. Ni usomaji mmoja tu, kweli, wala hawakuwa dubu bali rakuni, mnyama mdogo wa porini wa Amerika, lakini maadili ndiyo bidhaa kuu ya vitabu hivi.

Watetezi husema dubu hana rangi wala kabila, hivyo kila mtoto anaweza kujiona ndani yake. Ilinivutia hoja hii hadi nilipotazama hesabu za kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani: katika vitabu vya mwaka 2018, wahusika wakuu 27 kwa mia walikuwa wanyama na vitu vingine, weupe 50, Weusi 10. Mtoto wa familia ya Kiswahili anayekulia Minneapolis, mji wa Marekani, ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mnyama kuliko mtoto mwenye nywele kama zake.

Pamoja na hayo, kuna kazi ambayo dubu huiweza kuliko binadamu, nayo ni kubeba woga. Giza, ghadhabu, kuachwa peke yake: mtoto huvitazama kwa utulivu vikimpata mwenye manyoya, kwa kuwa si yeye kabisa. Na mnyama anayelala msimu mzima wa baridi anastahili kitabu cha saa ya kulala. Hicho ningekinunua bila kuuliza bei. Cha dubu anayefundishwa kusema asante ningekirudisha rafuni, nitafute chenye mtoto.