Nani Abebe Jalada la Nesi wa Liwale?

Kila inapotajwa hoja ya kuwa na afisa utumishi wa sekta ya afya pekee, anayezunguka zahanati hadi zahanati na kuketi meza moja na timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri, jibu huja upesi: hatujapungukiwa na watu wa ofisini, tumepungukiwa na wauguzi. Jibu hilo lina uzito, na mkazi wa Mtwara au Lindi hawezi kulibeza. Ikama ya mwaka 2014, yaani idadi rasmi ya watumishi inayotakiwa kila kituo, ilitaka zahanati iwe na watumishi 15 hadi 20 na kituo cha afya 39 hadi 52, ilhali katika vijiji vya Liwale, Nanyumbu au Tandahimba si ajabu kukuta zahanati inayoendeshwa na watu wawili au watatu. Anayeliona pengo hilo kwa macho yake, akiulizwa mshahara mmoja uliopo apewe nani, atamtaja nesi bila kusita. Hata hivyo naamini amekosea hesabu, kwa kuwa anamhesabu mtumishi siku ya kuajiriwa tu, na hazihesabu siku ambazo mtumishi huyo yupo kituoni.

Tuchukue zahanati yenye watumishi wawili. Mmoja amemaliza miezi 12 ya majaribio na barua ya kuthibitishwa kazini haijatoka, au amerudi masomoni na hajabadilishiwa muundo ili cheo chake kilingane na elimu mpya, au madai yake ya uhamisho yamelala mwaka wa pili. Atapiga simu na kuambiwa jalada linatafutwa. Atapiga tena na kuambiwa mhusika yuko safarini. Mwishowe ataomba ruhusa kwa mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, aende makao makuu ya halmashauri mwenyewe, maana amejifunza kwamba jalada husogea mwenyewe anapokuwa amesimama mlangoni. Siku moja njiani, mbili za kusubiri, moja ya kurudi, na wakati wa masika hata hizo hazitoshi. Kwa siku nne zahanati imebaki na mtu mmoja, ambaye akiwa na mama anayejifungua hawezi kuendesha kliniki ya watoto, na akiwa kliniki hawezi kumwona mgonjwa wa homa aliyetembea tangu alfajiri.

Sasa tuihesabu safari hiyo, kwa mfano tu. Kila mmoja wa watumishi hao wawili akienda mara tatu kwa mwaka, zahanati imepoteza siku 24 za kazi, yaani zaidi ya mwezi mzima wa kazi wa mtu mmoja. Halmashauri yenye zahanati 20 za namna hiyo imepoteza siku 480, ambazo ni sawa na watumishi wawili kutofanya kazi kabisa mwaka mzima, ingawa mishahara yao imelipwa na majina yao yamo katika orodha. Afisa mmoja mwenye pikipiki, anayefika kwa ratiba inayojulikana na kurudi na majibu ya barua alizochukua safari iliyopita, hata akiokoa nusu tu ya siku hizo, amerudisha zahanatini nesi mmoja ambaye tulikuwa naye tayari. Hapo ndipo ninaposhindwa kukubali kwamba tunachagua kati ya nesi na karani.

Atakayesema kwamba kazi hiyo ni ya katibu wa afya hajakosea kabisa, kwani kada hiyo ipo na baadhi ya makatibu wanajitolea kupita kiasi. Lakini katibu wa afya ana magari, majengo na utawala wa kila siku, na jalada lenyewe liko idara ya utumishi, hivyo naye anaingia huko kama mwombaji. Fikra ya afisa rasilimali watu aliye mshirika wa wale anaowahudumia, iliyoenezwa na Dave Ulrich wa Marekani tangu miaka ya 1990, inataka kitu kingine: mtu mwenye mamlaka ya kiutumishi awepo pale mipango ya huduma inapopangwa, ajue kabla ya mwezi kuisha kwamba wakunga wawili wa kituo kimoja wanaelekea likizo ya uzazi kwa pamoja.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili inahusu haki. Walimu na maafisa ugani nao wako mbali, na afisa anayekula na kusafiri na waganga anaweza kugeuka msemaji wao. Nesi aliyegombana na mfawidhi wake atamwendea nani? Umbali una faida yake. Uhakiki wa vyeti ambao matokeo yake yalitangazwa Aprili 2017, na uliobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, ulifanikiwa kwa sababu waliouendesha hawakuwa na urafiki na yeyote, na nakubali kwamba mshirika wa karibu angeweza kufumba macho. Ila zoezi hilo hilo lilionyesha kasoro ya umbali: palipokuwa na watumishi watatu akaondolewa mmoja, tena wakati ajira mpya zimesimamishwa, kijiji kilibaki na pengo ambalo hakuna ofisi iliyokuwa imelipangia mbadala.

Wapo pia wanaotegemea mifumo ya kompyuta kama PEPMIS, wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, uliochukua nafasi ya utaratibu wa zamani wa OPRAS. Mifumo hiyo ni hatua njema. Inafikisha taarifa, haimtafuti aliyeikalia.

Kusini hatuhitaji mfano wa mbali. Taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006 na Rais mstaafu, hayati Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, iliajiri watumishi wa afya kwa ajili ya maeneo yasiyofikika kwa urahisi, na pamoja na hilo ikajenga nyumba za watumishi vijijini. Ilitambua kwamba tabibu kijana aliyepangiwa kijiji asichokijua huamua katika miezi ya mwanzo kama atakaa au ataanza kutafuta uhamisho, na mara nyingi uamuzi huo hutegemea aliyempokea na mahali alipolala.

Kwa hiyo ningependa afisa huyo abaki chini ya idara ya utumishi, ili nesi mwenye mgogoro na mfawidhi awe na pa kukimbilia, lakini ratiba yake ya ziara ipangwe na timu ya afya na mafuta yake yawekwe kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, kwa kifungu chake chenyewe. Afisa asiye na mafuta ataishia kukaa masjala, na nesi wa Liwale atapanda gari tena.