Toa desa lako na makosa yake

Mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam, nilikuwa na daftari la somo la algoriti (hatua za kompyuta kutatua tatizo) ambalo sikutaka liguswe. Kalamu za rangi tatu, mistari kwa rula. Niliogopa kitu kimoja: mtu akwepe vipindi muhula mzima, wiki ya mtihani atoe kopi ya desa langu, yaani noti zangu, pale steshenari, halafu anipite maksi.

Nikaja kuliazimisha kwa shingo upande, kwa mdogo wangu wa mwaka wa kwanza. Liliporudi, pembeni mwa ukurasa mmoja palikuwa na penseli: "Dada, hii c ni ileile?"

Nilikuwa nimekokotoa muda wa algoriti inayopanga orodha kwa kuigawa nusu mbili, kupanga kila nusu, kisha kuziunganisha: T(n) = 2T(n/2) + n, ambapo T(n) ni muda wa kupanga vitu n. Nikakisia T(n) ≤ cn, c ikiwa namba isiyobadilika, nikaingiza, nikapata cn + n, nikaandika kwa madaha: "Ni O(n), imethibitika," yaani muda haukui haraka kuliko n. Wapi! Nilichoahidi ni cn, si (c + 1)n. Kila ukipanda ngazi c inaongezeka moja, na ngazi ni kama log n, yaani mara unazoigawa n nusu hadi ibaki moja, kwa hiyo jibu ni n log n. Mtihani nilishaufanya na kufaulu, na kosa langu likiwa limelala pale kwa amani.

Kwa hiyo wanaosema "nitazitoa noti nikishazisafisha" siwaelewi. Utazisafisha lini? Edsger Dijkstra, yule wa algoriti ya njia fupi, aliandika noti zake nyingi kwa kalamu ya wino, akazipa namba, akatoa kopi na kuwatumia wenzake kwa posta. Nao wakatoa kopi za kopi. Hadi anafariki mwaka 2002 zilikuwa zimepita 1,300. Kwetu hayo ni madesa, tuseme tu ukweli.

Majibu ya asaimenti sitoi. Hayo si noti. Na yule mkwepa vipindi niliyemwogopa? Achukue. Uthibitisho hauingii kichwani kwa kukodolewa macho, lazima naye akae ahangaike na ile c.

Sasa daftari zima nimelipiga picha na kuliweka kwenye grupu la darasa. Ile penseli sikuifuta.