Ukija Tanga kuogelea, tazama mwezi kwanza

Tanga ina sifa yake ya siku zote: waja leo, waondoka leo. Sisi wanachuo wa Muheza sifa hiyo imetukaa barabara. Likizo ndefu ikifika, kati ya Julai na Oktoba, tunapanda daladala ya asubuhi, tunashinda pwani, na magharibi tuko nyumbani. Hela ya kulala gesti hatuna, na hata tungekuwa nayo wazazi wasingekubali. Siku moja inatutosha. Tatizo ni kwamba siku hiyo moja tunaichagua vibaya.

Tunaichagua kwa kalenda ya ukutani. Jumamosi, basi, kwa kuwa kila mtu ana nafasi. Mwaka jana tulichanga nauli, tukabeba maandazi na mfuko wa machungwa, saa nne asubuhi tuko Raskazone. Bahari haipo. Maji yamekwenda mbali, yameacha tope na majani, mashua zimelala ubavu. Tukakaa kivulini kungoja. Saa kumi jioni ndiyo yakajaa pomoni, ya kijani, yanakuita kabisa, na sisi saa kumi tunaanza kuwaza gari la kurudi. Niliumia sana kwa ajili ya mwenzetu mmoja. Kwao na bahari ni kilomita 35 hivi, lakini siku ile ilikuwa mara yake ya pili tu kuiona.

Babu mmoja alikuwa karibu yetu akishona nyavu. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akatuuliza: "Wanangu, nani kawaambia mje bamvua?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Wote tulisoma kupwa na kujaa shuleni na tukaandika kwenye mtihani, lakini hakuna aliyewahi kutuambia kwamba elimu ile inafaa hata kwa kupanga safari ya kuogelea. Hili linanisikitisha mpaka leo.

Mambo yako hivi. Bamvua ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Jua na mwezi vinakuwa kwenye mstari mmoja, vinaivuta bahari pamoja, ndiyo maana maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua hukupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, saa zimegeuka: yanajaa saa nne au saa tano asubuhi, na yakipwa hayaendi mbali. Hayo wavuvi wanayaita maji mafu. Jina halivutii, lakini kwa mtu wa kuja na kuondoka hakuna siku zilizo bora. Unashuka garini, bahari iko palepale inakungoja.

Na bamvua isidharauliwe. Ni siku ya kutembea. Utawaona akina mama wakienda miambani kutafuta pweza, utaona kaa, utaona dunia ambayo siku nyingine imefunikwa. Ila nendeni na mwenyeji. Maji yakianza kurudi, saa ya kwanza hupanda kidogo tu, mtu akadhani ana muda; saa ya tatu na ya nne ndiyo hupanda kwa kasi, na mabonde madogo ya nyuma yako hujaa kabla hujageuka. Wengi wetu tuliokulia bara ya hapo hatujui kuogelea, wasichana hasa, kwa sababu hakuna aliyetufundisha. Siku za maji mafu, asubuhi, maji yametulia, ndizo za kujifunzia. Tena wakati wa kusi kama likizo yetu, upepo huwa unaongezeka mchana, kwa hiyo asubuhi ina faida mara mbili.

Siku ya bamvua mimi huwapeleka wenzangu Tongoni, njia ya Pangani, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Mahali hapo zamani paliitwa Mtangata. Mwaka 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya pwani hii. Maji yalipokupwa ikabaki juu kavu, yalipojaa ikaelea tena. Waliporudi kutoka India mwaka 1499 mabaharia walikuwa wamepungua mno, wakaiteketeza kwa moto hukuhuku. Ukiwa umesimama Tongoni huku maji yamekwenda mbali, habari hiyo huhitaji kuhadithiwa mara mbili.

Sasa kwenye kundi letu hatuulizani tena "Jumamosi ipi?" Tunaulizana mwezi umeandama lini, tunahesabu siku saba au nane. Mara ya mwisho hesabu ilitupeleka Jumatano. Wawili walilalamika, wakaja. Saa tatu na nusu tulikuwa Raskazone, maji yamefika karibu na ngazi. Yule mwenzetu aliingia mpaka kiunoni, nikamshika mgongo, akalala chali juu ya maji. Nilipoondoa mkono hakujua. Alielea akitazama mbingu, mpaka aliponiona nimesimama mbali naye.