Malisho ya majira ya baridi: tani za shambani na tani za tumboni

Mahali ambapo baridi husimamisha ukuaji wa nyasi kwa miezi mitatu au minne, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ana njia mbili kubwa. Anaweza kukata nyasi za ziada za majira ya joto na kuzihifadhi kama saileji (nyasi mbichi zilizoshindiliwa na kuchachushwa bila hewa) na hei (nyasi zilizokaushwa). Au anaweza kutenga sehemu ya shamba, apande zao litakalosimama bichi hadi baridi iingie, kisha ng'ombe waliokaushwa, yaani waliosimamishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, wakalile papo hapo, ukanda kwa ukanda, nyuma ya uzio wa umeme.

Wanaotetea njia ya pili huanza na mavuno. Biti ya mifugo iliyotunzwa vizuri hutoa tani 20 au zaidi za uzito mkavu (uzito wa zao bila maji) kwa hekta, na sukuma wiki ya mifugo hutoa kati ya 10 na 15. Ni kweli, ila mara nyingi hesabu hiyo hufanywa kana kwamba shamba lilikuwa tupu. Shamba la sukuma wiki hulimwa nyasi zikiwa bado zinakua, na hurudi kwenye nyasi karibu mwaka mmoja baadaye. Kama nyasi hizo zingetoa tani 10, sukuma wiki ya tani 12 imeongeza tani mbili tu, kabla hujatoa gharama ya mbegu, mbolea na dawa ya magugu. Faida yake halisi ni kuhamisha chakula kutoka miezi ya shibe kwenda miezi ya njaa. Saileji nayo hufanya hivyo hivyo, ila kati ya kukatwa na kuliwa hupoteza kwa kawaida asilimia 15 hadi 25, na huhitaji mashine za kukata, kubeba na kushindilia. Kwa hiyo sukuma wiki inaishinda saileji kwa pengo dogo, na pengo hilo huweza kumezwa na tope.

Tuseme umekata mita moja ya mraba ya sukuma wiki, ukapata kilo 9 mbichi. Ikiwa asilimia 13 ndiyo uzito mkavu, una kilo 1.17. Ukitaka kila ng'ombe ale kilo 8 kavu, na wanatumia asilimia 80 ya kilichopo, wape kilo 10, yaani mita za mraba 8.5 kwa siku. Ng'ombe 100 kwenye uzio wa mita 100: usogeze mita 8.5. Mvua ikinyesha wiki nzima, zao likakanyagwa na matumizi yakashuka hadi asilimia 60, ukanda huo huo unawapa kilo 6 tu. Mfugaji asiyeongeza eneo au saileji ataona ng'ombe wanakonda wakati karatasi yake inasema wameshiba. Kipimo kimoja hakitoshi. Kata sehemu tano au zaidi, zikiwemo zile mbovu.

Kwa biti, kosa huenda upande mwingine. Kiazi chake kimejaa sukari, na sukari nyingi kwa ghafla huzalisha asidi kwenye rumeni (tumbo la kwanza la ng'ombe) kabla vijidudu vya tumboni havijazoea. Huanzishwa kwa kilo 1 kavu kwa ng'ombe kwa siku, na kuongezwa kilo 1 kila baada ya siku mbili, kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, huku saileji au hei ikitangulia kuliwa. Kwa zao la tani 25, mita moja ya mraba ina kilo 2.5 kavu. Kila ng'ombe akiwa na mita moja ya uzio, nguzo zilizosogezwa nusu mita zaidi zimempa kilo 1.25 za ziada, zaidi ya hatua nzima ya kumzoesha. Ukiona ng'ombe amesimama mbali na uzio, kinyesi kimekuwa maji na anayumba, mwondoe kwenye biti mara moja, mpe hei na umwite daktari wa mifugo. Zaidi ya hayo, kiazi kina protini na fosforasi kidogo, kwa hiyo ng'ombe mwenye mimba anayelishwa biti kwa wingi bila nyongeza ya madini huelekea kuzaa akiwa na upungufu.

Jamii ya kabichi, sukuma wiki ikiwemo, ina sumu zake. Naitreti, aina ya nitrojeni iliyomo kwenye mmea, huongezeka zao likiwa changa, limepewa nitrojeni nyingi au limekaa siku za mawingu. Ndani ya rumeni hugeuka naitraiti, na damu ikashindwa kubeba oksijeni hadi ikawa na rangi ya chokoleti. Zao lililokomaa na kuanza kutoa maua lina hatari nyingine: huharibu chembe nyekundu za damu, na mkojo ukawa mwekundu. Mwaka 2014 huko Southland, New Zealand, ng'ombe waliolishwa swidi (jamii ya kabichi yenye kiazi) waliugua ini na wengine wakafa, na aina zilizostahimili dawa ya magugu zilihusishwa na tatizo hilo. Dawa ya kawaida ni kutowapeleka ng'ombe shambani wakiwa na njaa, na kutolifanya zao hili kuwa chakula chao chote.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani, kwa maoni yangu, ni ardhi. Mkojo wa ng'ombe wengi unamwagika kwenye udongo uliobaki mtupu, bila mizizi ya kufyonza nitrojeni, na mvua za baridi huisukuma chini hadi kwenye maji. Saileji ikilishwa kwenye sakafu yenye mfumo wa kukusanya samadi, sehemu kubwa ya hasara hiyo huzuilika. Shambani unaweza kuipunguza: anza kulisha juu ya mteremko ukishuka, acha nyasi kwenye mabonde yanayopitisha maji, weka uzio wa nyuma ng'ombe wasirudie walipokanyaga, kisha panda oti (aina ya nafaka) mara tu ardhi inapoingilika.

Basi kwenye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji ningechagua saileji, hata kama inagharimu zaidi. Kwenye udongo mwepesi, sukuma wiki ikifuatiwa na oti inajilipa. Biti ningeiacha kwa anayepima zao lake mwenyewe na kusogeza uzio kwa hatua alizozihesabu, si kwa macho.