Saa ya kisanduku: iandikwe ndani ya draiva au kwenye mti wa vifaa?

Kisanduku kilicholetwa mezani kwangu hapa Kamalondo, Lubumbashi, kazi yake ni kurekodi joto la friji ya dawa kila dakika tano. Umeme ulikatika usiku, ukarudi, na mstari wa kwanza baada ya hapo ukaandikwa 1 Januari 1970, saa 02:00. Aliyezoea Linux, mfumo unaoendesha kisanduku hiki, hashangai: unaanza kuhesabu kutoka sifuri ya siku hiyo kwa UTC, saa ya rejea ya dunia, na sisi tuko saa mbili mbele. (Fundi aliyekiseti akiwa Kinshasa angeona 01:00. Ndiyo maana saa ya maunzi, chipu inayohesabu muda kwa betri, hutunzwa kwa UTC.) Friji ilikaa na moto kwa muda gani? Rekodi haikuweza kusema. Intaneti ya kurekebisha saa haikuwepo.

Ajabu ni kwamba saa ilikuwemo. Bodi ya kwanza iliungua, mwenye kisanduku akanunua nyingine ya mtumba akaifungia moduli ya saa ya DS3231 yenye kibetri chake. Lakini draiva ya saa (programu inayoongoza kifaa), ya mtengenezaji, ilikuwa ya mtindo wa kale: ilisubiri kuambiwa na faili ya bodi, iliyoandikwa kwa lugha ya C ndani ya kerneli (moyo wa Linux), kwamba saa iko kwenye basi fulani, yaani waya za kuwasiliana na chipu, anwani 0x68. Bodi mpya, basi jingine. Kerneli ilikuwa inatafuta saa mahali ambapo haipo.

Njia ya mkato ni kubadilisha namba moja kwenye ile C, kukompaili (kuijenga upya kerneli), na kwenda nyumbani. Njia ndefu ni kuifundisha draiva kusoma mti wa vifaa, yaani maelezo ya bodi yanayoandikwa nje ya kerneli na kukabidhiwa kwake wakati wa kuwaka. Mti huo ulitoka Open Firmware, programu ya kuwashia kompyuta, ukatumika kwenye prosesa za PowerPC, kisha ukaingia kwenye zile za ARM baada ya mwaka 2011, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipolalamika wazi kuhusu rundo la faili za bodi. Kwa saa yetu, maelezo yote ni haya (compatible ni jina la chipu, reg ni anwani yake):

rtc@68 {
    compatible = "maxim,ds3231";
    reg = <0x68>;
};

Wanaopinga njia ndefu nawaheshimu, kwa sababu wana hoja ambazo watetezi huzipita haraka. Ukikosea jina la kigezo kwenye C, kompaila inakupigia kelele. Ukikosea herufi kwenye mti, kimya. Mimi niliandika ds3132 badala ya ds3231 na nikapoteza mchana mzima nikipima waya zisizo na kosa, maana hakuna ujumbe wowote unaotoka: kerneli imeona kifaa isichokijua, ikaendelea na safari yake. Pia, mti ni ahadi. Jina la sifa (mstari wa mti kama compatible) ukishalitoa watu wakalitumia, kerneli ya mwakani inatakiwa bado ilielewe. Faili ya C unaivunja na kuijenga upya bila kumuuliza mtu.

Na wana karata nyingine: mstari mmoja tu kwenye skripti ya kuwashia, unaoandika «ds3231 0x68» ndani ya new_device, faili ya kuitambulisha chipu kwa kerneli, ya basi husika, na saa inatokea. Bila mti, bila kukompaili. Nilijaribu. Saa ilitokea kweli, ila kama rtc1, yaani saa ya pili, maana kerneli huanza kuhesabu na rtc0. Ndani ya prosesa kuna saa nyingine isiyo na betri, na hiyo ilikuwa imeshajisajili kama rtc0, ambayo ndiyo kerneli huisoma inapoweka muda wa mfumo. Skripti inafika mfumo umeshaamka, programu ya kurekodi imeshaandika mistari yake ya 1970. Kwa friji ya dawa, mistari hiyo ndiyo inayohitajika kuliko yote, kwa kuwa ndiyo inayofuata kukatika kwa umeme.

Kwenye mti, hilo linamalizwa na mstari mmoja wa aliases (majina ya kupanga) unaosema rtc0 ni ile ya nje. Hapo ndipo niliposhawishika. Kujua saa ipi ina betri si kazi ya mwandishi wa draiva aliye mbali. Anayejua ni aliyeishika bodi mkononi. Na kwetu bodi hazifanani: visanduku vitatu vya mteja mmoja vinaweza kuwa na bodi tatu. Kerneli moja na miti mitatu midogo naweza kuitunza. Kerneli tatu, hapana.

Upande wa draiva kazi haikuwa kubwa: jedwali la majina ya chipu inazozitambua, kisha kubadilisha sehemu zilizosoma maelezo ya faili ya bodi zisome sifa. Kwa vifaa vya I2C, aina ya basi inayotumiwa na saa hii, kerneli huweza hata kulinganisha jina baada ya kukata la mtengenezaji, ndiyo maana wengi hudhani hakuna cha kubadilisha. Draiva inaamka kweli, lakini bila maelezo yake. Nimetumia device_property, vitendaji vinavyosoma sifa ziwe kwenye mti au kwingine, badala ya vitendaji vya mti peke yake, na jedwali la zamani nimeliacha, ili bodi isiyo na mti isipoteze saa. Nimeongeza pia onyo sifa ya lazima ikikosekana. Watetezi wa mti wangeandika maonyo zaidi, wapinzani wangepungua.

Kuna jambo ambalo mti haukunisaidia. Chipu ya saa kama DS1339 ina chaja ndani yake, na mti unaweza kusema betri hii haichajiwi, draiva ikatii. DS3231 haina chaja, ila moduli nyingi za bei nafuu zimewekewa dayodi na rezista za kuchaji. Zikipewa volti 5, kama mwenye kisanduku alivyofanya, zinasukuma umeme kwenye betri ya CR2032 isiyotakiwa kuchajiwa. Hakuna sifa ya kuandika hapo. Nilihamishia waya kwenye pini ya volti 3.3, nikapasha pasi ya kulehemu, nikaing'oa ile rezista.