Mhandisi Mshauri wa Bomba la Lamu Anamsikiliza Nani?

Tangu kisima cha Ngamia-1 kigundue mafuta Turkana mwezi Machi 2012, Lamu imetajwa kila mara kuwa ndipo bomba litakapoishia. Bomba lenyewe halijajengwa. Kilichojengwa ni makabrasha: upimaji wa njia, hesabu za mafuta yaliyo ardhini, usanifu wa awali, tathmini ya athari kwa mazingira. Mwaka 2018 WorleyParsons ya Australia ilipewa usanifu wa mitambo ya visimani, na Wood ya Uskoti ikapewa usanifu wa bomba la kama kilomita 820 kutoka Lokichar, kule Turkana, mpaka Lamu. Kisha kampuni mbili zilizokuwa na hisa kwenye mradi, Africa Oil na TotalEnergies, zikajitoa mwaka 2023, na mwaka 2025 Tullow, kampuni iliyouongoza mradi, nayo ikauza hisa zake kwa Gulf Energy, ambayo mpango wake ni kuanza na kiasi kidogo na kukipeleka Mombasa kwa malori.

Ndiyo maana ukikaa kwenye baraza yoyote Amu, mji wa Lamu, na kutaja wahandisi washauri wa mradi, yaani wataalamu wa kukodiwa kama hao, utasikia kicheko kabla ya hoja. Watu wameona magari meupe na kofia ngumu, wametia saini karatasi za mahudhurio, na mafuta hawajayaona. Wengi wamekwisha kuamua kwamba mhandisi mshauri ni mtu wa kula bajeti tu. Mimi siamini hivyo, ingawa naelewa kicheko kinatoka wapi.

Mafuta ya Lokichar yana nta nyingi, na yakipoa huganda. Bomba la kawaida halitayafikisha popote. Lazima liwe na joto njia nzima, kutoka nyanda kavu za Turkana hadi ardhi yenye chumvi na mikoko ya pwani. Mtu akikosea hesabu ya joto, au ya pampu, au ya namna ya kuyasukuma upya baada ya bomba kusimama siku kadhaa, kosa lake halirekebishwi kwa spana. Wahandisi waliowahi kusanifu bomba la namna hii ni wachache duniani. Uganda ina mafuta yenye tabia hiyohiyo, na bomba lake la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga limesanifiwa lipashwe joto pia. Usanifu wake wa awali ulifanywa na Gulf Interstate Engineering ya Houston. Katika kazi kama hizi ada ya usanifu huwa sehemu ndogo ya gharama yote, na mchoro uliokosewa hulipiwa mara nyingi zaidi wakati wa ujenzi.

Mshauri mzuri pia hufanya kazi ambayo mwenye mradi hapendi kuisikia: humwambia ukweli wa kiasi cha mafuta kilichomo ardhini. Mpango wa Tullow wa mwaka 2021 wa kuzalisha mapipa 120,000 kwa siku, na kutoa mapipa milioni 585 katika maisha yote ya mradi, ulipitiwa na wakaguzi wa nje, Gaffney Cline. Bila mkaguzi wa aina hiyo tungebaki na maneno ya majukwaani, ambapo kila kisima ni utajiri. Hapa kwetu tunalijua hilo. Visiwa na bahari ya Lamu vimechimbwa tangu kisima cha kwanza cha Pate mwaka 1971. Kisima cha Mbawa-1 mwaka 2012 kilikuta gesi isiyotosha biashara. Kampuni ya Eni ya Italia nayo ikachimba kisima cha Mlima-1 kwenye kina kirefu, ikaondoka mikono mitupu.

Upande wa pili una uzito wake, lakini si ule unaosemwa sana. Hoja maarufu ni ugeni: kwa nini kazi iende Uskoti na Australia wakati vijana wetu wana digrii? Ni hoja ya haki, na Sheria ya Petroli ya 2019 inataka wenyeji na bidhaa za nchini vipewe nafasi. Lakini mhandisi wa Nairobi aliyepewa maagizo mabaya ataandika ripoti mbaya sawasawa na wa Aberdeen. Mimi naangalia hadidu za rejea, yaani maagizo ya kazi anayopewa mshauri: nani ameziandika, na zimeuliza nini.

Chukua hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya tarehe 30 Aprili 2018 katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake kuhusu bandari ya Lamu. Mahakama iliona haki za wenyeji zimevunjwa, zikiwemo za mazingira safi, utamaduni na kupewa habari, na ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mradi ule haukukosa wataalamu. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Baraza la Rufaa la Mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Amu Power kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nao ulikuwa na ripoti nene.

Kinachopotea ni vitu ambavyo hadidu za rejea hazikuviuliza. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, na mvuvi mwenye chombo kidogo hubaki ndani, kwenye mikono ya bahari na pembeni mwa mikoko. Mtaalamu akija kuhesabu vyombo wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na watu wametawanyika nje, ataandika kwamba mkondo unaotakiwa kuchimbwa hautumiki sana. Hajasema uongo. Amepima msimu aliolipiwa. Na chini ya utaratibu wetu wa tathmini ya mazingira, anayemlipa ni mwenye mradi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaowalaumu washauri na wanaowatetea wote hulisahau: mshauri haamui. Toyota Tsusho ya Japani ilifanya usanifu wa njia ya Hoima, Lokichar hadi Lamu, na Agosti 2015 marais wa Kenya na Uganda walikubaliana kuifuata kwa masharti. Aprili 2016 Uganda ikachagua Tanga. Usalama wa njia yetu, bei, na matakwa ya Total (sasa TotalEnergies), iliyokuwa mwekezaji katika mafuta ya Uganda, vilikuwa na uzito zaidi kuliko michoro. Kwa hiyo anayeitwa mtaalamu kutoka nje ili "amalize ubishi" amepewa kazi isiyo yake, na anayemlaumu kwa bomba kutofika amekosea mlango.

Nikizipima pande mbili, naona Lamu inapoteza nguvu ikibishana juu ya mgeni na mwenyeji. Bomba likifufuliwa, makabrasha ya zamani yatatolewa kabatini na kupanguswa vumbi, na kitakachotakiwa ni mhandisi wa pili: asiyelipwa moja kwa moja na mwenye mradi, anayeisomea kaunti michoro ya bomba, matangi na gati, na anayeulizwa maswali kwa Kiswahili mbele ya wavuvi wa Kizingitini na Faza. Mabenki huwa hayakopeshi fedha nyingi hivyo bila mhandisi wao wa kukagua kazi ya mhandisi wa mkopaji. Sioni kwa nini watu watakaokaa na bomba miaka yote wapewe kidogo kuliko benki.

Ugumu uko kwenye fedha. Mgao wa mafuta uliowekwa na sheria ya 2019, asilimia 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii, unawaangalia wanaozalisha, yaani Turkana. Lamu ni njia na mlango tu. Pesa za mhandisi wa pili zitapaswa kutoka kwa mwenye mradi, zikae mahali ambapo yeye hawezi kuzizuia akichukizwa na majibu, na hilo liandikwe ndani ya sharti la leseni kabla ya koleo la kwanza. Baada ya hapo hakuna atakayekubali.