Hezi 144 kwa Laki Tatu

Mpwa wangu anakaa kwangu, anakula kwangu, umeme naununua mimi, lakini ndiye aliyeniambia kwamba kioo chetu cha kompyuta kinamrudisha nyuma kimaisha. Eti kule kufungwa kote kwenye gemu la mpira, nne bila, tano bila, mchawi ni kioo. "Anko, hiki ni hezi 60. Picha inabadilika mara 60 kwa sekunde, kila moja inakaa karibu milisekunde 17. Cha hezi 144 inakaa milisekunde 7 tu. Wenzangu wanauona mpira kabla yangu." Mtoto huyuhuyu ukimtuma kitunguu kwa Mangi anarudi mafuta yameshaungua kikaangoni. Leo milisekunde 10 zinamuuma!

Haya. Na mimi gemu napenda, sikatai. Bajeti laki tatu, na haina ndugu.

Kariakoo bwana. Unashuka Msimbazi, hata Aggrey hujaingia, winga keshakushika mkono. "Bosi wangu, unatafuta nini?" Kioo cha gemu, hezi 144. "Kipo." Kule hakuna kisichokuwepo. Winga hana duka wala kioo, ana simu na miguu, na cha juu chake kinakungoja ndani ya bei. Anakupandisha ngazi mpaka magoti yanalia, unaingia kwenye kifremu, unaletewa kioo cha mtumba kilichotoka ofisini huko ughaibuni, nyuma kina stika ya mali ya kampuni ya watu. Nauliza, hiki kweli ni 144? "Bosi, hiki ukikiseti vizuri kinafika." Kinafika wapi? Vioo vingi vya namna ile ukivilazimisha sana vinagota kwenye 75, na vingine vinazima kabisa vikikuonyesha ujumbe wa kukataa.

Nikapelekwa kwingine. Huko nikaonyeshwa televisheni, boksi limeandikwa 200 kwa maandishi makubwa kuliko jina la aliyeitengeneza. Muuzaji akaniangalia kwa huruma. "Unataka 144, nakupa 200 kwa hela ileile, halafu unanuna?" Sasa hapa ndipo ninapowachukia watu wa viwandani kuliko hata mawinga. Ile 200 ni hesabu yao ya kulainisha picha, wameipa na jina zuri la kizungu. Kioo chenyewe humo ndani ni cha 50 au 60. Kama ingekuwa maziwa, tungesema yametiwa maji, na mgambo wangeitwa.

Halafu kuna "1ms", yaani milisekunde moja, eti ndiyo kasi ya nukta kubadili rangi. Kila boksi limeandikwa 1ms, hata lile ambalo picha ikipita gizani inaburuta mkia mweusi nyuma kama kuna mtu kapaka masizi. Vioo vina aina zake: VA, TN na IPS. Vya VA vya bei ya chini ndiyo tabia yao hiyo: weusi wake mzuri kweli, lakini ukicheza mchezo wa kunyatiana usiku unamwona adui na kivuli chake cha jana. TN ndiyo yenye kasi, ila ukikaa upande kidogo rangi inageuka, mchezaji wa njano anakuwa wa kijivu. Mimi kwa laki tatu nasema IPS, inchi 24, ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080), hata kama ni mtumba. Inchi 27 ya 1080p mnaichukua kwa ajili ya ukubwa tu. Ukiikalia karibu nukta unazihesabu.

Nikaipata moja ya hivyo. IPS, 144, haina nukta iliyokufa. Nikamwambia muuzaji awashe. Ikawaka 60. Kaka wa watu akaanza kuapa kwa mama yake. Nikamtuliza: ingia kwenye mipangilio ya skrini, ile ya ndani zaidi, Windows yenyewe mara nyingi huacha 60 mpaka uibadilishe kwa mkono. Akaingia, ikatoa 120 basi. Tatizo sasa likawa HDMI, tundu la waya wa picha: ile mashine yake ya kupimia ni ya zamani, ina HDMI 1.4, na kwa 1080p hiyo mara nyingi haivuki 120. Nikasema leta waya wa DisplayPort, ule mwingine wa picha. Waya haupo, unauzwa duka la jirani, pesa yangu. Ukutani kwake kibao kimesema mali ikiuzwa hairudishwi. Nikawaachia kioo chao.

Nyumbani nako hakuna pumziko. Mpwa anasema hata kikija, kompyuta yetu kwenye gemu lenyewe inatoa picha 50 kwa sekunde, kwa hiyo itabidi na kadi ya grafiki ibadilishwe, kisha pawasapulai, maana kadi inakula umeme. Kioo kitangoja picha 144, kitaletewa 50! Jirani akasema tuache yote hayo tununue mashine ya gemu, PS4 ya mtumba. PS4 mwisho wake hezi 60, nikamwambia, ndiko tunakotoka. Ya 120 ni PS5, na bei yake msiitaje mbele ya mama watoto.

Mama watoto alikuwa anachambua mchicha, alishasikia yote. "Baba Zai, miwani yenyewe ulishaambiwa ukachukue hujachukua. Hizo picha 144 utazionea wapi?"

Mpwa kacheka mpaka kakohoa. Nikamtuma kitunguu.

Jioni simu ya winga. "Bosi, nimekupatia 240 kwa laki mbili na themanini, wahi, kuna mtu wa Mwanza anaitaka." Nikamwambia anitumie picha ya nyuma ya kioo, pale panapoonekana namba ya modeli na matundu ya waya. Akatuma picha ya boksi. Nikamwambia sio boksi, kioo. Akatuma boksi upande wa pili.